Jiwe la pete hupimwa, jiwe la chungu je?



Siku ya mnada katika wilaya zetu za Mbulu na Hanang kila mtu ana shughuli yake. Baba anauliza bei ya mbuzi, vijana wanazunguka kwenye mitumba, na mama, kabla hajashika njia ya nyumbani, huinama mbele ya gunia la magadi. Huchagua mabonge mawili matatu, hugusa moja kwa ncha ya ulimi kuona kama ni makali, hulipa na kufunga kwenye pindo la kanga. Jioni bonge hilo hupondwa, na unga wake hutiwa kwenye chungu cha kande, maharage, mbaazi au ngwara ili viive upesi. Mboga za majani nazo hutiwa kidogo, zilainike na kubaki na rangi yake ya kijani.

Hivi karibuni tulimsalimu mama mmoja muuza magadi, tukamwuliza yametoka wapi. Akatujibu kwa ukarimu: "Haya meupe ni ya ziwani, wanangu. Yale yenye vumbi ni ya kuchotwa juu ya ardhi. Wengi huwapa ng'ombe, lakini wako wanaopikia pia."

Tukamwuliza tena: "Na yapi, mama, ni salama kwa watoto?"

Akacheka, na alipocheka akafunika mdomo kwa kanga, kama wengi wetu huku tulivyozoea kufanya. "Hilo, wanangu," akasema, "nani ajuaye?"

Tumelitafakari jibu hilo tangu siku ile. Mama yule amesema kweli. Yeye hajui, mnunuzi hajui, na sisi tunaoandika juu ya afya hatukuweza kumwambia lolote kwa kuyatazama yale mabonge. Nasi tunaona kwamba ni aibu yetu sote, kwa sababu ujuzi wa kulijibu swali lake upo duniani. Makala hii inaeleza ujuzi huo, kisha inasema tunachotaka ufanye katika minada yetu.

Kwa nini tunafunika midomo?

Kwanza tukumbushane habari ambayo wengi mmeisikia kliniki. Madoa ya kahawia kwenye meno ya watu wa kwetu hayatokani na uchafu. Si kwamba mtu hapigi mswaki, wala si urithi wa ukoo. Ni kazi ya floraidi. Floraidi ni ile elementi iitwayo florini ikiwa imeungana na vitu vingine, na asili yake huku kwetu ni ardhi ya volkano.

Tutazame Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Mlima huo ni volkano ya zamani, kama ilivyo sehemu kubwa ya nchi hii ya Bonde la Ufa. Miamba na majivu ya volkano za namna hii yana sodiamu nyingi na florini nyingi. Mvua ikinyesha, maji hupenya katika miamba hiyo, huyeyusha floraidi na kutokea nayo kwenye visima na chemchemi. Mengine huishia kwenye maziwa yasiyo na njia ya kutokea, kama Balangida, Eyasi na Manyara. Huko jua huvuta maji juu, chumvi na magadi vikabaki chini, na floraidi hubaki navyo.

Floraidi kidogo hulinda meno yasioze, ndiyo maana hutiwa katika dawa ya meno. Ikizidi, hudhuru. Mtoto ambaye meno yake ya kudumu yangali yanaumbika ndani ya ufizi, tangu utotoni mpaka miaka minane hivi, akipata floraidi nyingi kila siku, meno yatatoka na mistari myeupe, au madoa ya kahawia, au yatamomonyoka. Yakishatoka hivyo, hakuna mswaki utakaoyarudisha. Na mtu akiendelea kwa miaka mingi kupata kiasi kikubwa zaidi, mifupa nayo huathirika. Viungo hukakamaa, mgongo hauinami, na baadhi ya watoto huota miguu iliyopinda. Wenzetu wa Arumeru, upande wa Maji ya Chai, wanaijua vizuri habari hii ya miguu.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floraidi katika lita moja ya maji ya kunywa. Nchi yetu, kwa sababu ya uhaba wa maji, kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini. Kikomo hicho kilishushwa hadi 4, na baadaye hadi 1.5 kama cha dunia. Hiyo ni hatua ya kushukuru. Lakini kikomo hicho ni cha maji. Je, magadi yana kikomo gani pale mnadani? Watafiti wa meno waliofanya kazi kaskazini mwa Tanzania katika miaka ya 1990 waliona watoto wenye madoa hata katika vijiji ambavyo maji yake yana floraidi kidogo. Walipotafuta sababu, walielekeza kidole kwenye chungu, yaani kwenye magadi.

Jicho na ulimi havitoshi

Mtu anaweza kusema: "Magadi ni magadi, bibi zetu walitumia." Ni kweli walitumia, na wengi wao walikuwa na meno ya kahawia. Tena si kweli kwamba magadi yote ni sawa. Floraidi iliyomo hutofautiana mno kati ya ziwa na ziwa, na kati ya magadi ya kuganda na ya kuchota juu ya udongo.

Tuchukue mfano wa hesabu tu, wa kutusaidia kuelewa. Mama anatia gramu 5 za magadi, yaani kama kijiko kimoja kidogo, kwenye chungu cha kande. Ikiwa kila kilo ya magadi hayo ina miligramu 100 za floraidi, kijiko kimeongeza nusu miligramu kwa familia nzima. Hiyo si habari kubwa. Lakini ikiwa kila kilo ina miligramu 1,000, kijiko kilekile kimetia miligramu 5. Ni sawa na floraidi yote iliyomo katika lita tatu na zaidi za maji yaliyofika kwenye kikomo. Mabonge hayo mawili yaweza kuwa na rangi moja, ukali mmoja na bei moja. Ulimi wa mama hauwezi kuyatenganisha. Hapo ndipo inapohitajika elimu ya kusoma kilichomo ndani ya jiwe.

Moto wa jikoni na mwanga wa leza

Elimu hiyo, mpenzi msomaji, umekwisha kuiona jikoni kwako bila kujua. Chungu kikifurika na mchuzi wenye chumvi ukamwagikia moto, mwali hubadilika ukawa wa manjano sana. Rangi hiyo ya manjano ni saini ya sodiamu iliyomo katika chumvi. Shaba ikiungua hutoa kijani. Potasiamu hutoa zambarau hafifu. Kila elementi, ikipata joto la kutosha, hutoa rangi zake yenyewe, na hakuna elementi mbili zenye mpangilio mmoja wa rangi.

Wajerumani wawili, Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff, waliifanya habari hiyo kuwa elimu kamili katika mji wa Heidelberg kuanzia mwaka 1859. Walipitisha mwanga wa mwali katika kioo cha pembetatu, rangi zikatawanyika kama upinde wa mvua, nao wakazisoma. Kwa njia hiyo waligundua elementi mbili ambazo hakuna aliyezijua, sesiamu mwaka 1860 na rubidiamu mwaka 1861. Miaka hiyohiyo Padre Angelo Secchi, Mjesuiti wa Roma, alielekeza chombo cha namna hiyo kwenye nyota, akazigawa nyota maelfu katika makundi kwa kusoma mwanga wake. Hakuna mtu aliyewahi kufika kwenye nyota, lakini tunajua zimeumbwa kwa nini, kwa sababu mwanga wake umesomwa.

Ikabaki shida moja. Jiwe haliungui kama chumvi kwenye mwali. Shida hiyo ilitatuliwa na leza. Mwaka 1960 Mmarekani Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza, yaani mwanga ulionyooka na kukusanyika mahali padogo sana. Mwaka 1962 watu walikwisha kuanza kuutumia kuchoma vitu na kusoma cheche zake.

Kazi yenyewe ni hivi. Leza hupiga jiwe kwa muda mfupi mno, sehemu chache tu za bilioni moja za sekunde, mahali padogo kuliko kichwa cha pini. Pale inapopiga, chembe ya jiwe isiyoonekana kwa macho hugeuka mvuke, na mvuke huo huwa cheche yenye joto la nyuzi zaidi ya 10,000, kupita hata uso wa jua. Cheche hutoa rangi za elementi zote zilizomo. Chombo kiitwacho spektrometa huzipokea, huzitenganisha na kuzihesabu. Mara moja mtaalamu anaona kwamba hapa pana sodiamu, hapa kalsiamu, hapa chuma, hapa risasi. Jiwe halisagwi wala haliyeyushwi kwa tindikali. Hubaki na alama ndogo tu, kama limedonwa na sindano. Siku hizi vipo vyombo vya aina hii vya kushika mkononi, ingawa mwenye kukitumia lazima afundishwe, maana mwanga wa leza hupofusha macho.

Jiwe la Mars na jiwe la Songea

Labda utasema hizi ni hadithi za mbali. Nazo ni za mbali kweli, maana mojawapo ni ya sayari nyingine. Mwezi Agosti 2012 Wamarekani waliteremsha kwenye sayari ya Mars gari lisilo na dereva, liitwalo Curiosity. Gari hilo lina leza inayoweza kupiga jiwe lililo umbali wa hadi mita saba na kulisoma. Mwaka 2015 wanasayansi wa gari hilo walichapisha kwamba wameona florini katika mawe ya Mars. Ndiyo, florini ileile inayotia madoa meno ya watoto wetu.

Namna walivyoiona ina fundisho kwetu. Florini ikiwa peke yake ni ngumu kuonwa kwa njia hii, maana rangi zake ni hafifu. Lakini florini hupenda sana kalsiamu, ambayo ndiyo msingi wa chokaa, na ndani ya ile cheche mbili hizo hushikana na kutoa rangi yao ya pamoja iliyo wazi zaidi. Huo ndio mwanga waliousoma. Maabara nyingine, zikitaka kupima florini katika kitu kisicho na kalsiamu, huongeza kalsiamu kwanza ndipo hupiga leza. Upendo huohuo ndio unaotuumiza sisi, kwa kuwa meno na mifupa yetu ni kalsiamu kwa wingi, na floraidi ikiingia mwilini huenda hukohuko.

Mfano wa pili ni wa nchi yetu wenyewe. Kati ya mwaka 2001 na 2002 soko la vito la Bangkok, nchini Thailand, lilitikisika. Yakuti za rangi ya chungwa na waridi zilionekana kwa wingi, nyingi zikiwa zimetoka Madagaska na nyingine Songea, kusini mwa Tanzania. Baadaye ikajulikana kwamba mafundi walizichoma kwa joto kali sana pamoja na elementi iitwayo berili, ikapenya ndani na kubadilisha rangi. Berili iliyoingia ilikuwa kidogo mno, na vyombo vya kawaida vya miale ya eksirei haviwezi kuiona kwa kuwa ni elementi nyepesi. Maabara za vito zikaitafuta leza. Zikapiga yakuti mahali pasipoonekana, zikasoma cheche, zikajua lipi ni jiwe la asili na lipi limechomwa na berili.

Hatuwalaumu. Aliyenunua pete ana haki ya kujua alichonunua. Lakini tujiulize. Kwa ajili ya jiwe la pete, leza ilipatikana. Kwa ajili ya jiwe la Mars, leza ilisafirishwa mamilioni ya kilomita. Na jiwe linalopondwa na kutiwa katika chakula cha mtoto wa Dongobesh au wa Katesh, sisi katika minada yetu hatujapata kuona likipimwa kwa chombo chochote. Mkoa wetu wa Manyara una Mirerani, ambako tanzanaiti hukaguliwa kabla ya kuuzwa. Hatuwezi kusema hatujui thamani ya kukagua mawe.

Wenye hoja zao

Tunajua wako watakaotupinga, na hoja zao si za kupuuzwa.

Wengine watasema: "Pigeni marufuku magadi, basi." Sisi hatukubaliani nao. Magadi huokoa kuni, na kuni huku kwetu hazipatikani karibu tena. Ngwara na mbaazi bila magadi ni shughuli ya mchana kutwa. Tena wako wajane na akina mama wengi wanaosomesha watoto kwa kuuza magadi. Marufuku ingeyapeleka magadi gizani, yakauzwa kwa siri bila mtu kuyatazama. Tunataka yapimwe kwa sababu hatutaki yakatazwe yote. Yakipimwa, yule mama wa mnadani atajua kuchagua mahali pa kuchukua bidhaa yake, naye atasimama na kusema: "Haya yamesomwa, ni ya chini." Kipimo kitamlinda muuzaji mwaminifu pamoja na mnunuzi.

Wengine watauliza: "Mashine ya dola makumi elfu ya nini, na zahanati haina hata dawa za kutosha?" Hoja hii ni nzito, nasi tunaijibu kwa unyofu. Kupima floraidi katika maji hakuhitaji leza. Kuna kijiti cha kupimia, yaani elektrodi, ambacho hutumbukizwa ndani ya maji na kutoa jibu, na bei yake ni ndogo sana kuliko ya leza. Hata magadi yaweza kuyeyushwa katika maji na kupimwa hivyo. Kwa hiyo hatusemi watu wakae wakisubiri leza. Kazi ianze na elektrodi, tena ianze sasa.

Lakini elektrodi ina mipaka yake. Kila bonge lazima lipondwe, lipimwe uzito, liyeyushwe na kutayarishwa, na magunia ya mnada mmoja ni mengi. Gunia moja tu laweza kuwa na mabonge yasiyofanana. Leza ikishafundishwa kwa sampuli ambazo elektrodi imekwisha kuzipima, yaweza kusoma mabonge mengi kwa alasiri moja. Tena haitaishia kwenye florini. Katika cheche ileile itaonyesha kama mna risasi, au elementi nyingine yenye madhara, katika magadi, katika udongo wanaokula akina mama wajawazito, na katika rangi za vyombo vya kuchezea watoto. Elektrodi ni jembe la mkono na leza ni plau. Mwenye jembe haachi kulima kwa kuwa hana plau, lakini hakatazwi kuitafuta.

Wa tatu watasema kazi hii ni ya wazungu. Hao tunawakumbusha kwamba Dk. Askwar Hilonga, mwana wa Karatu iliyokuwa zamani sehemu ya Mbulu, akiwa mwalimu katika Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, alishinda mwaka 2015 tuzo ya Afrika ya uhandisi inayotolewa na chuo cha kifalme cha wahandisi cha Uingereza. Alishinda kwa chujio lake la maji. Akili ipo kwetu. Kinachokosekana ni kuitumia akili hiyo mahali ambapo akina mama wanauziana chakula.

Tunachoomba

Kwanza, tunaziomba halmashauri zetu za Mbulu na Hanang zianze kuchukua sampuli za magadi katika kila mnada mkubwa na kuandika yalikotoka. Maabara hazipo mbali. Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara ya Kanda ya Kaskazini pale Arusha, na Taasisi ya Nelson Mandela ipo hukohuko.

Pili, majibu yasifungiwe kabatini. Yasomwe kwenye mikutano ya vijiji, yabandikwe mnadani, yafike katika jumuiya ndogondogo na katika misikiti, kwa lugha ambayo kila mama ataielewa: magadi ya mahali fulani ni ya floraidi ya chini, ya mahali fulani ni ya juu, hayafai kupikia.

Tatu, wenye kupanga vifaa vya maabara za kanda waifikirie leza hii kama chombo cha afya, si cha migodini tu. Chombo kimoja kinachosafiri kila robo mwaka kingeweza kutumikia minada ya wilaya zote za Bonde la Ufa katika upande wetu.

Wakati tunasubiri

Afya haingoji mikutano. Yafuatayo kila nyumba yaweza kuyaanza leo:

1. Loweka maharage, mbaazi na ngwara usiku kucha, kisha mwaga maji yale na upike kwa maji mapya. Vitaiva upesi zaidi bila magadi. Funika chungu wakati wa kupika.

2. Chakula cha mtoto aliye chini ya miaka minane kisitiwe magadi kabisa. Ukipika chungu kimoja, mtolee chake kabla hujatia magadi.

3. Magadi yaliyochotwa juu ya udongo yasipikiwe. Usalama wake haujulikani, na vumbi si kiungo.

4. Kinga maji ya mvua kwenye chombo safi chenye mfuniko. Maji ya mvua karibu hayana floraidi. Yatumie kwanza kwa uji na kinywaji cha watoto wadogo, ukiisha kuyachemsha.

5. Kumbuka kwamba kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa kuchemka sana, floraidi iliyobaki huwa kali zaidi.

6. Mnyonyeshe mtoto maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana, hata kama mama mwenyewe hunywa maji yenye nyingi.

7. Mtoto mdogo atumie dawa ya meno kidogo sana, tena atazamwe asiimeze.

8. Ulizeni mahali penu juu ya chujio la mkaa wa mifupa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, wilayani Arumeru, kimefanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na Jimbo Katoliki la Nakuru nchini Kenya lilianza katika miaka ya 1990 kutengeneza machujio ya namna hiyo kwa ajili ya watu wake. Mifupa ya ng'ombe ikichomwa kwa ufundi hubaki na kalsiamu, nayo huinasa floraidi kabla haijafika kwenye mifupa yetu. Msijichomee wenyewe kiholela, maana mkaa usioiva vizuri huharibu ladha na harufu ya maji. Tena mkaa ukichoka lazima ubadilishwe.

Neno la mwisho

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humuumbua. Sisi wa Mbulu na Hanang tumeficha maradhi haya kwa kiganja na kwa pindo la kanga, tukaishi hivyo tukidhani ndivyo tulivyoumbwa. Vijana wetu wanakwenda mijini, wanaambiwa "wewe ni wa kaskazini" kabla hawajataja jina, kwa sababu ya meno tu. Msichana anajifunza kucheka huku amefumba mdomo. Haya si mambo madogo. Mtu asiyethubutu kucheka amenyang'anywa kitu.

Meno yetu sisi watu wazima yamekwisha kuwa yalivyo. Lakini mtoto aliyezaliwa wiki iliyopita Basotu au Daudi, meno yake ya mbele ya kudumu yangali yanaumbika, na yatategemea kitakachotiwa katika chungu cha mama yake miaka hii michache ijayo. Yule mama wa mnadani alituuliza nani ajuaye. Tunataka siku moja tumrudie na karatasi ya majibu mkononi, tumwambie: "Mama, sasa tunajua. Chukua ya hapa, ya pale acha."

Tukutane toleo lijalo.